Kisu Kwenye Paji la Uso

Kiswahili hakimfichi mtu uso wake. Mtu akikasirika tunasema amekunja uso, au amekunja ndita. Hasira zikimtoka, amekunjua uso. Asiye na aibu ana uso mkavu, na mwenye aibu hukumbushwa kwamba uso umeumbwa na haya. Mabibi zetu wa pwani nao walijua siku nyingi kwamba nyusi si manyoya tu ya kuzuia jasho lisiingie machoni. Kutinda nyusi na kutia wanja ni somo aliloketishwa mwari akafundishwa, manake nyusi zinasema kabla mdomo haujafunguka.

Basi usishangae, msomaji, nikichukua kurasa hizi kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalicheka: upasuaji wa kuinua paji la uso. Huo ni upasuaji wa kupandisha nyusi zilizoshuka na kulainisha makunyanzi. Tukiusikia tunasema, aah, hayo ni mambo ya waigizaji wa Hollywood, watu wasiojua njaa. Lakini hebu tuifuate historia yake polepole. Kumbe ndani yake mna vita, mna ukoma, mna kinamama waliofukuzwa kazi, na mna ndege ndogo zilizotua katika viwanja vya vumbi vya Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Chini ya ngozi ya paji la uso kuna msuli mpana unaozivuta nyusi kwenda juu. Katikati ya nyusi, na kuzunguka jicho, kuna misuli midogo inayozivuta kwenda chini. Maisha yote ya mtu ni mchezo wa kuvuta kamba baina ya misuli hiyo. Umri ukisogea ngozi inalegea, na upande wa nje wa nyusi ndio unaotangulia kushuka. Mwenyewe, bila kujijua, anakaza paji kutwa nzima ili kope zisimlemee, na hapo ndipo inapochorwa ile mistari ya kukata paji kama matuta ya shamba. Mistari miwili ya kusimama katikati ya nyusi ni kazi ya ile misuli ya kukunja ndita. Kwa hiyo kuna mtu anaonekana amechoka na wala hajachoka, na mwingine anaonekana amekasirika na moyo wake mweupe. Huo ndio mzizi wa maneno yote.

Sasa twende kwenye historia. Jambo la ajabu ni kwamba paji la uso liliingia kwenye vitabu vya upasuaji wa Ulaya si kwa ajili ya uzuri wake, bali kama ghala la ngozi. Mwezi Oktoba 1794 jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapa barua kutoka India pamoja na picha ya mtu aitwaye Cowasjee. Huyu alikuwa mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza, akatekwa na askari wa Tipu Sultan, wakamkata pua. Fundi mmoja wa jamii ya wafyatua matofali akachukua ngozi ya paji lake, akaigeuza kuelekea chini bila kuikata yote, akamfinyangia pua mpya. Wahindi walikuwa na elimu hiyo ya kutengeneza pua tangu enzi za kale. Wazungu ndio kwanza wakaamka. Miaka 20 baadaye, mwaka 1814, Joseph Carpue akafanya kama yule fundi kule London, na mgonjwa akavumilia akiwa macho, maana dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana.

Hapa ndipo tuelewe kwa nini upasuaji wa urembo ulichelewa. Nani angekubali kukatwa uso, akiona na akisikia, kwa sababu ya makunyanzi? Aliyekatwa pua angekubali. Aliyezeeka tu asingethubutu. Ilibidi yatokee mambo matatu. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alionyesha hadharani kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mtu asisikie kisu. Mwaka 1867 Joseph Lister akaandika jinsi ya kuzuia vidonda visioze kwa kutumia asidi ya kaboliki. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna akagundua kwamba kokeni ikidondoshewa jicho inaua maumivu mahali pale pale, mtu akiwa macho. Baada ya hapo mlango ukawa wazi.

Na mlango ukiwa wazi hawaingii wema peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 walijitokeza watu waliowadunga wenzao mafuta ya parafini chini ya ngozi ili kujaza makunyanzi. Uso uliopendeza leo ulikuja kuota vinundu baadaye, na parafini ikahama kutoka ilipowekwa. Mjini Chicago, Charles Conrad Miller alitoa mwaka 1907 kitabu kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa kuhusu upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka huohuo aliandika pia juu ya kuikata misuli ya uso kwa chini ya ngozi ili mistari ya hasira na mawazo ipotee. Wenzake wengi walimwona tapeli. Lakini liweke akilini wazo lake hilo la kuunyamazisha msuli, maana tutakutana nalo tena.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita ya mahandaki ilikuwa ni vita ya vichwa na nyuso: askari akichungulia tu, risasi au kipande cha bomu kinamkuta hapo hapo. Mjini Paris, katika hospitali ya jeshi ya Val-de-Grâce, alikuwapo Hippolyte Morestin, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, fundi wa kuziunga nyuso zilizochanika. Kijana mmoja kutoka New Zealand, Harold Gillies, alimtazama akifanya kazi mwaka 1915, akarudi Uingereza na moto kichwani. Mapigano ya Somme yalipoanza Julai 1916, Gillies alitegemea majeruhi 200 hivi. Wakaja kama 2,000. Hospitali mpya ikafunguliwa Sidcup mwaka 1917, na humo vikafanyika vipasuo zaidi ya 11,000 kwa wanaume zaidi ya 5,000. Si mchezo. Wanaume wasio na taya, wasio na kope, wasio na paji. Katika kujaribu kuwarudishia sura, madaktari wakaijua ngozi ya uso kama fundi cherehani anavyokijua kitambaa: inavutika wapi, inakataa wapi, damu yake inapita wapi.

Huko Val-de-Grâce alifanya kazi pia mwanamke aliyefunzwa na Morestin. Jina lake Suzanne Noël, aliyezaliwa mji wa Laon mwaka 1878. Huyu mama mimi namwona ndiye moyo wa hadithi hii. Mwaka 1919 daktari mwingine wa Paris, Raymond Passot, alieleza katika jarida la kitabibu namna ya kuyatoa makunyanzi kwa kukata vipande vidogo vya ngozi kwenye mpaka wa nywele na paji, kisha kushona, ili nyusi zivutwe juu. Ndiyo habari inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya upasuaji huu tunaouzungumzia. Noël naye alikuwa akifanya kazi za namna hiyo nyumbani kwake, kwa ganzi, na mgonjwa akitoka hapo anatembea kwa miguu yake kurudi kwake siku ileile.

Walikuwa nani hao wagonjwa? Usidhani wote walikuwa mabibi wakubwa wenye lulu shingoni. Vita viliua wanaume wengi wa Ufaransa, na wanawake wengi wakabaki na mzigo wa kujitafutia. Muuza duka, karani, mshonaji, msanii wa jukwaani, wakionekana wamezeeka walikuwa wanaambiwa kwaheri, kazi zinapewa wenye sura mpya. Noël alikitoa kitabu chake mwaka 1926, na kichwani mwa kitabu akaweka wazi kwamba anazungumzia kazi ya kijamii ya upasuaji wa urembo. Hoja yake ilikuwa rahisi: ikiwa uso ndio unaomnyima mtu mkate, basi kuurekebisha si upuuzi. Na wala hakuishia kwenye kisu. Mwaka 1924 alianzisha mjini Paris klabu ya Soroptimist, umoja wa wanawake wenye kazi zao, na akapigania haki ya kupiga kura ambayo wanawake wa Ufaransa hawakuipata hadi mwaka 1944.

Hapo kuna jambo linalonikera, na nadhani litakukera na wewe. Daktari anayetaka dunia iache kuwahukumu wanawake kwa sura zao, ndiye huyohuyo anayewashona wafanane na matakwa ya dunia. Alikuwa anazima moto au anauchochea? Mtu akisema alichochea, namwuliza: yule karani aliyekuwa na watoto wa kulisha angoje dunia ibadilike hadi lini? Na mtu akisema alizima, namwuliza: kila mmoja akikatwa ili abaki kazini, yule asiyekatwa si ndiye atakayefukuzwa?

Tuendelee. Njia ya Passot ilikuwa na udhaifu: ilivuta ngozi tu, misuli ya chini ikaachwa ilivyo. Ngozi ni kama mpira wa suruali, ukiuvuta unarudi kulegea. Kwa hiyo madaktari wakazidi kwenda ndani. Ulikuja mkato mrefu unaoanzia juu ya sikio hili, unapita utosini ndani ya nywele, hadi juu ya sikio la pili, kama mtu aliyevaa kilemba. Paji lote linabanduliwa, linavutwa nyuma, ngozi iliyozidi inapunguzwa. Mario González-Ulloa wa Mexico aliieleza njia ya namna hii mwaka 1962. Walipoona hata hiyo haitoshi wakaanza kuipunguza nguvu misuli yenyewe ya kukunja ndita. Lile wazo la Miller aliyeitwa tapeli likarudi limevaa koti jeupe.

Na Afrika Mashariki je, inaingia wapi? Gillies alikuwa na jamaa yake wa ukoo, Archibald McIndoe, naye mzaliwa wa New Zealand. Katika Vita vya Pili McIndoe alikuwa East Grinstead, Uingereza, akitibu marubani walioungua ndani ya ndege. Moto wa petroli ulikuwa unakula kope, nyusi na vidole. McIndoe hakuwafungia wagonjwa wake wodini. Aliwatoa wakatembee mjini, wakanywe bia, na akawaomba wenyeji wasiwakodolee macho. Wagonjwa wenyewe wakaunda klabu yao mwaka 1941, wakajiita panya wa majaribio, na hadi vita inaisha walikuwa 649.

McIndoe huyu alikuwa na shamba karibu na Kilimanjaro. Mwanafunzi wake mmoja, Michael Wood, alikuwa akifanya kazi Kenya. Wa tatu alikuwa Mmarekani, Thomas Rees. Watatu hao, wote mafundi wa upasuaji wa plastiki, walikaa chini ya mlima ule mwaka 1956 wakawaza jinsi ya kuwafikia wagonjwa wa mbali, na mwaka 1957 likazaliwa shirika la madaktari warukao kwa ndege, ambalo leo tunalijua kwa jina la AMREF. Neno hilo plastiki lisikupeleke kwenye ndoo na mifuko. Asili yake ni Kigiriki, maana yake kufinyanga. Basi wafinyanzi hao wakawa wanaruka kwenda kushona midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa na kufungua makovu ya watoto walioangukia moto wa mafiga. Na Rees huyo, akirudi New York, alikuwa mmoja wa mabingwa waliojulikana sana wa kukaza nyuso za matajiri. Mikono ni ileile, sindano ni ileile. Nani atauchora mstari na kusema hapa tiba imeishia, na hapa umalaya wa kisu umeanza?

Kama bado unadhani nyusi ni anasa, mfikirie mgonjwa wa ukoma. Ugonjwa huo ukikomaa hung'oa nyusi, na vijijini ilikuwa hiyo peke yake inatosha mtu kutambuliwa. Kule Vellore, India, Paul Brand aliyefika mwaka 1946 alikuta watu waliokwisha kupona, vijidudu vimekwisha mwilini, lakini hakuna anayewapa kazi wala chumba. Akajifunza kuchukua kipande cha ngozi ya kichwa chenye nywele, kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu, akakipitisha chini ya ngozi ya paji hadi mahali pa nyusi. Nywele zile hazijui kwamba zimehama, zinaota ndefu kama za kichwani, mwenyewe anazipunguza kwa mkasi. Hakuna aliyemwita Brand fundi wa urembo. Lakini alichokifanya kilikuwa kuurekebisha uso ili watu wengine wakubali kukaa karibu nao.

Miaka ya 1990 ilileta mageuzi mawili. La kwanza ni kamera. Madaktari waliokuwa wanaitumia kamera nyembamba kuchungulia magoti na matumbo wakaiingiza chini ya ngozi ya kichwa. Badala ya mkato wa sikio hadi sikio, wakatoboa matundu madogo matatu, manne au matano nyuma ya mpaka wa nywele, wakalibandua paji wakitazama kwenye skrini. Luis Vasconez na Nicanor Isse, wote wakifanya kazi Marekani, ni miongoni mwa walioieneza njia hiyo.

La pili ni sumu. Naam, sumu. Kuna kijidudu kinachoota kwenye chakula kilichohifadhiwa vibaya, ambacho sumu yake hupoozesha misuli hadi mtu ashindwe kupumua. Alan Scott wa San Francisco aliipunguza makali akaitumia kunyoosha macho ya makengeza. Mjini Vancouver mwaka 1987, Jean Carruthers, daktari wa macho, alikuwa akiwadunga wenye kope za kukakamaa, na mgonjwa mmoja akalalamika siku aliyorukwa sindano ya kati ya nyusi, kwa kuwa ile ndiyo inayomwondolea ndita. Jean akamweleza mumewe Alastair, daktari wa ngozi, na mwaka 1992 wakachapa matokeo yao. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ikairuhusu rasmi kwa ajili ya mistari ya kati ya nyusi, chini ya jina la Botox Cosmetic. Sindano haikati, lakini miezi mitatu au minne ikipita msuli unaamka, na pochi lifunguliwe upya. Miller wa 1907 angeiona, angecheka hadi machozi.

Sasa, mtu anayepanda kitanda cha upasuaji leo anategemea nini? Tuseme bila kupaka sukari. Kabla ya siku yenyewe ataambiwa aache sigara, kwa sababu sigara inainyima ngozi damu, na aache aspirini na dawa nyingine zinazoizuia damu isigande. Daktari wa maana atampima nyusi akiwa ameketi, atamuuliza habari za macho makavu, na atamuuliza juu ya makovu yake ya zamani. Swali hilo la mwisho sisi wenye ngozi nyeusi tulitilie maanani, maana makovu yanayofura na kuota nje, yale ya keloidi, yanatupata zaidi kuliko wenye ngozi nyeupe. Kazi yenyewe huchukua saa moja hadi mbili, kwa usingizi kamili au kwa ganzi na dawa ya kutuliza, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kesho yake akijitazama kwenye kioo asitegemee ujana. Atakuta uso umevimba, macho yamezungukwa na wekundu, weusi na manjano, kama bondia aliyeshindwa. Siku za mwanzo analala kichwa kikiwa juu ya mito. Nyuzi au pini hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili, na kazini wengi hurudi wakati huohuo. Paji linakufa ganzi, halafu ngozi ya kichwa inaanza kuwasha kwa ndani, kuwasha ambako hakufikiwi na kucha, na huenda kukaendelea kwa miezi. Nywele zinaweza kunyonyoka kwenye kovu. Wachache hupata damu kuvilia ndani au kidonda kuoza. Wengine nyusi moja inakuwa juu kuliko mwenzake. Na mshipa wa fahamu wa paji ukiguswa vibaya, upande mmoja hauinuki, mara nyingi kwa muda, mara chache moja kwa moja. Nyusi zikivutwa mno, mtu anabaki na sura ya mshangao, kama aliyepewa habari ya msiba na haijamwishia. Matokeo yenyewe hasa huonekana baada ya miezi kadhaa, na uzee hausimami: unaanza kutembea tena kutoka pale ulipofikishwa.

Na mwingine anakatwa kwa haki kabisa, kwa kuwa nyusi zimeshuka hadi kope zinafunika macho, haoni anaposoma wala anapoendesha gari. Huyo tusimcheke.

Wengine sasa, tuwaambieje? Vijana wenzangu wengi wana jibu tayari: mzee akubali uzee. Jibu hilo ni rahisi mdomoni mwa mwenye miaka 22. Sisi tunasema jungu kuu halikosi ukoko, tunawasifia wazee kwa mvi zao, lakini tangazo la kazi likitoka linataka msichana mwenye sura ya kuvutia na umri usiozidi kadha. Karani wa Noël bado yupo, amehamia miji yetu. Tusimhukumu yeye tukaliacha tangazo.

Lakini ndita nazo zina kazi. Ndita za mama zilitunyamazisha bila fimbo. Ndita za mwalimu zilitufundisha kwamba jibu si hilo. Mwanamke aliyekunja uso mbele ya bosi anayemvunjia heshima ametoa hotuba nzima. Inanitisha kidogo kwamba katika karne nzima ya kazi hii, msuli uliosakwa kwa bidii zaidi, kwa kisu na kwa sumu, ni ule wa kukasirika, na waliolazwa kitandani wengi wao ni wanawake. Kwa hiyo anayetaka kwenda na aende, akijua gharama na akijua wiki mbili za uso wa bondia. Ila kabla hajaweka sahihi kwenye karatasi ya daktari ajiulize swali moja: ndita hizi zinamsumbua nani? Kama zinamsumbua yeye, ni zake, ana hiari nazo. Kama zinamsumbua mtu mwingine, basi huenda huyo mwingine ndiye aliyestahili kuziona.